Chini Imenipiga

Kwa kanisa letu la Kitengela, mtu akianguka hakupelekwa hospitali. Alipelekwa benchi la nyuma. Kuanguka kulikuwa na maana moja tu: umerudi kwa pombe, au umeonekana asubuhi ukitoka kwa nyumba ambayo si yako. Ukishaanguka unatengwa, Meza ya Bwana huigusi, na kila Jumapili unaketi huko karibu na mlango, upepo ukikupiga mgongo, mpaka siku wazee wa kanisa watakaposema umeinuka. Nayasema haya mapema kwa sababu bila kuelewa hilo neno huwezi kuelewa jinsi sisi akina mama wenye akili timamu tulivyojiaibisha mbele ya watu, wala jinsi mama yangu alivyokaribia kuhamishwa nyumbani kwake.

Hiyo ilikuwa mwisho wa miaka ya tisini. Kitengela haikuwa hii ya maghorofa. Ilikuwa ploti za nyasi, punda, ng'ombe wakivuka barabara bila haraka ya mtu yeyote, na udongo mweusi. Huo udongo wakati wa kiangazi unapasuka nyufa za kumeza kiatu, na mvua ikinyesha unageuka sabuni. Mimi nilikuwa na kibanda karibu na stage ya matatu, nikishona sare za shule. Mimi na mume wangu tulikuwa tumejenga vyumba viwili vya mawe, na nyuma yake tukamjengea mama nyumba yake ya mabati.

Mama, au mwaitu kama tunavyosema sisi Wakamba, alikuja kwetu baba alipofariki. Alikuwa ameshapita miaka sabini. Tulimpa chumba ndani ya nyumba yetu akakikataa kabla hajakiona. "Mimi si mtu wa kulala kwa sebule ya mtu," alisema. Alitaka mlango wake, jiko lake, kuku wake na kipande cha kupanda kunde. Akapata vyote. Watoto wangu walikuwa wanamwita Susu, ndiyo nyanya kwa Kikamba, na wakitaka kitu kizuri cha kula hawakuja kwangu, walienda kwake. Kutoka mlango wake mpaka choo kulikuwa na mteremko kidogo, mwendo wa kumaliza Baba Yetu ukisali polepole.

Kwa huo mteremko ndipo alipoanguka mara ya kwanza, asubuhi, ile mvua kubwa ikiwa imekataa kuisha. Akavunjika mkono. Tulimpeleka hospitali Kajiado akafungwa plasta, na Jumapili yake kaka yangu mkubwa akaja kutoka Rongai.

Kaka yangu si mtu mbaya, nisieleweke vibaya. Alikuwa anaogopa, na yeye akiogopa huanza kutoa amri. Alisimama mbele ya nyumba ya mabati, viatu vyake vya ofisi vimeshikwa na matope, akasema, "Mwaitu, hapa si mahali pa mtu wa umri wako. Nikisikia umeanguka tena, siku hiyo hiyo nakuja na pikapu. Unaenda kuishi na mimi." Na kwake ilikuwa ni ghorofa ya tatu, nyumba ya kupanga, madirisha yakitazama madirisha ya wengine. Kuku wangeenda wapi? Kunde zingepandwa kwa ngazi?

Mama akaenda kuwarushia kuku mahindi. Lakini toka hiyo siku hakuanguka tena. Yaani ukimuuliza kama ameanguka, alikuwa anakuuliza, "Nani amekuambia nimeanguka?" Alikuwa mzee wa kanisa upande wa akina mama, na uongo hakusema. Alikuuliza swali tu, na wewe ukabaki na swali lako mkononi.

Sasa, kulikuwa na nesi kwa dispensari yetu, mama mmoja mrefu, mkali, wa kanisa lingine. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi Kajiado kwa wodi ya wanawake. Alituambia vile nyanya walikuwa wanaletwa kutoka huko Mashuuru juu ya lori la ng'ombe, mfupa wa nyonga umevunjika, wanalazwa mguu ukiwa umefungwa uzito, wanatazama dari. Wengi walirudi nyumbani kulala tu, na hawakusimama tena. "Mimi nimechoka kuwapokea wakishavunjika," alisema. "Nataka niwapate kabla."

Tukaunda kikundi. Kila Alhamisi mchana tungetembelea nyumba za wazee na nyundo, misumari, kamba, na futi yangu ya kushonea. Tungeangalia kizingiti, kitanda, patipati zilizoisha, ile kapeti ya plastiki ambayo kila mtu alikuwa nayo na kila mtu alikuwa anaipenda. Nesi angewafundisha mazoezi ya kuinuka kwa kiti bila kushika, na kusimama na mguu mmoja huku umeshika meza. Kitu kimoja tu tulikosa. Nesi alisema mtu ambaye ameanguka mara moja ndiye ataanguka tena, kwa hivyo lazima tuanze na hao. Tungewajua aje? Rahisi, tukasema. Tutatangaza kanisani.

Katibu wa kanisa alisoma matangazo kama kawaida, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. Kwanza akataja waliotengwa mwezi huo. Halafu bila hata kumeza mate akaendelea: "Kuna kikundi cha akina mama pamoja na nesi. Wanaomba wazee wote walioanguka mwaka huu, wanaume kwa wanawake, wabaki baada ya ibada wakutane nao hapa mbele, wasaidiwe wasianguke tena."

Mzee mmoja akakohoa, na mke wake akageuka akamtazama, na hakuacha kumtazama mpaka sadaka ikapita. Mimi nilikuwa nimeketi mbele na uso wa furaha kama mjinga, nikingoja wateja wangu.

Ibada ilipoisha hakubaki mtu. Nyanya ambao siku zote husalimiana pale mlangoni mpaka chakula kinapoa nyumbani, hiyo Jumapili walitoka kama watu waliosikia mvua na mahindi yameanikwa nje. Mama yangu alikuwa wa kwanza. Pale mbele tukabaki mimi, nesi, na mzee mmoja aliyewahi kuwa mlinzi wa shule, kofia mkononi, macho mekundu.

"Ni kweli nimeanguka," akasema.

"Pole sana baba," nesi akamwambia. "Ilikuwa wapi?"

"Kwa harusi ya mpwa wangu."

"Na uliumia wapi?"

"Hapa," mzee akasema, akijishika kifua. "Hapa ndani kabisa."

Nesi akaanza kumpapasa mbavu. Mzee akamwacha, akifikiri pengine huo ndio utaratibu wa kanisa la kina nesi, huku akiendelea kueleza kwamba walimpa kaluvu, ile pombe ya kienyeji ya Kikamba, kwa kikombe cha uji, akafikiri ni uji. Akaizungusha kofia mkononi. "Hapana," akasema. "Sikufikiri ni uji." Hapo ndipo mimi nilielewa tumefanya nini, na nikatamani hiyo sakafu ifunguke. Nilimshika mzee mkono nikamwambia amesikika, aende nyumbani kwa amani, ingawa sikuwa na mamlaka ya kumwambia hivyo.

Alhamisi tukakutana kwangu kutafuta neno lingine. Pasta mwenyewe alikuja, maana wake wa wazee watatu walikuwa wameshampigia magoti wakitaka kujua mabwana zao wamefanya nini. Mimi nikasema, basi tuseme kuteleza. Pasta akatikisa kichwa. "Kuteleza ndio mwanzo wa kuanguka. Hiyo nimehubiri juzi." Tukasema kujikwaa. "Hiyo iko kwa Biblia kabisa," akasema, "na maana yake ni mbaya kuliko hiyo ingine." Nesi alikuwa amekunja mikono. "Pasta," akauliza, "kuna neno lolote mmemwachia mtu ambaye ana magoti mabaya tu?"

Hapo ndipo Koko akaingia na maziwa. Koko ni nyanya kwa Kimaa, na sisi sote tulimwita hivyo. Boma lake lilikuwa ng'ambo ya uwanja, na kila asubuhi baada ya kukamua alikuwa anatuletea maziwa, kwangu kwanza halafu kwa mama. Siku hiyo alichelewa mpaka mchana. Yeye na mama walikuwa marafiki wa ajabu. Kiswahili cha mmoja kilikuwa kibovu na cha mwingine kibovu zaidi, na bado wangekaa kwa mlango wa mabati wakiongea mpaka jua lihame. Mama alimwita rafiki yake Koko, naye Koko akamwita mama yangu Susu, kila mmoja akitumia lugha ya mwenzake.

Tukamsalimia, "Takwenya," akaitikia, "Iko." Kiwiko chake kilikuwa kimechubuka, damu imekauka. Nesi akafungua mdomo, akakumbuka, akachagua maneno kwa uangalifu. "Koko, huo mkono umefanya nini?"

"Chini imenipiga," Koko akasema.

"Chini ya wapi?"

"Ya kwa mlango ya ng'ombe. Hiyo chini ni mbaya sana." Alikuwa amekasirika kweli, kama mtu anayeshtaki jirani kwa chifu. "Imenipiga, na mimi sikuikosea kitu."

Tulitazamana. Pasta ndiye alianza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani. "Hiyo," akasema, "hata mimi sijawahi kuhubiri."

Nawaambia, hilo neno lilifungua milango. Jumapili iliyofuata pasta mwenyewe alitangaza: kama kuna mzee ambaye chini inampiga, aseme, akina mama watakuja kuizungumzia. Watu wakacheka, na baada ya ibada wakabaki. Kwa sababu mtu aliyeanguka ana hatia, lakini mtu aliyepigwa ana kesi. Tukifika kwa nyumba tulikuwa tunauliza, "Chini inakupiga wapi?" na mzee anakushika mkono anakupeleka kumwonyesha mshtakiwa. "Ni hapa." Nyanya mmoja alikigonga kizingiti na fimbo yake mbele yetu, akakiambia, "Leo umepatikana." Tukaking'oa, tukajaza changarawe.

Hizo Alhamisi nilizipenda kuliko siku zingine za juma. Nilikuwa napima fimbo na futi yangu, kutoka kifundo cha mkono mpaka chini mtu akiwa amesimama wima, maana wengi walitembea na fimbo walizorithi, zingine ndefu kama za kuchungia, zingine fupi mpaka wanainama nazo. Tunaikata, tunapigilia kipande cha tairi chini isiteleze. Kwa boma la Koko tulipanga mawe kwa mlango wa ng'ombe na kusimamisha posti ya kushika. Kwa yule mlinzi mzee tukakuta chini ilikuwa imempiga kweli, karibu na tangi la maji. Kumbe maskini alikuwa ameanguka pande zote mbili, na huku kwa benchi la nyuma hakuna aliyewahi kumwangalia goti. Tulimwekea kamba ya kushika kutoka kwa tangi mpaka mlangoni. Alitushukuru mpaka tukaona haya.

Mama alikuwa anaenda nasi. Ndiye alikuwa anafungua na maombi. Lakini tukikaribia kwake, anatangulia kwa mlango wake anasimama hapo. "Hapa mimi na chini hatuna maneno," anasema. "Endeni kwa wenye shida."

Haki nilikuwa naona. Sikuwa kipofu. Kwa ukuta wa mabati, urefu wa mkono wake, kulikuwa na mstari mweusi wa uchafu, mkono uliopita hapo kila siku ukitafuta mahali pa kushika. Kunde za mwisho wa mstari, zile za karibu na choo, zilikuwa zimelala chini kama zimekaliwa. Na alikuwa ameacha chai. Mama yangu, mtu wa chai ya saa kumi hata kama nyumba inaungua, alisema siku hizi chai inamchoma moyo. Nesi akaniambia kwa upole, "Hanywi ndio asiende choo." Nilienda nyuma ya kibanda changu nikalia kwa hasira, halafu nikarudi nyumbani nikamgombeza. Nilimwambia yeye ni wa umri ule ule na hao wengine, kiburi hakizuii mifupa kuvunjika. Aliningoja nimalize. "Nani amekuambia nimeanguka?" akauliza.

Alijua nikijua, nitamwambia kaka yangu. Hapo hakukosea. Mimi nikiulizwa na kaka yangu siwezi kuficha, uso wangu wote unaongea. Kwa hivyo alinificha mimi pia, ndani ya ploti yangu mwenyewe, na mimi ni mwenye kikundi.

Ndipo Alhamisi moja Koko akaja na maziwa tukiwa tumekusanyika uani. Hakuyaweka chini. Alisimama katikati yetu na galoni lake akasema, "Nyinyi mnaweka kamba kwa watu wote. Kwa nini hapa hamjaweka? Nikileta maziwa chini ya hapa inanipiga."

"Hapa kwetu?" nikauliza. "Lini?"

"Kila siku. Hapa kwa geti. Hapa kwa mlango ya Susu. Na huko mpaka kwa choo."

"Koko, wewe huenda choo chetu lini?"

"Nikishikwa," akasema, bila kupepesa.

Akina mama wakacheka. Mimi sikucheka sana. Huyu alikuwa mtu wa kuvuka uwanja mzima na akala zake za tairi akifuata ndama, bila fimbo, na kile kiwiko tu ndicho nilichowahi kuona kimechubuka. Nilitaka kumwambia asitupotezee wakati. Lakini mama alikuwa amesimama kwa mlango wake, na kwa mara ya kwanza hakututuma kwa wenye shida. Alimtazama Koko kwa muda, halafu akasema, "Mgeni wangu hawezi kupigwa kwangu. Mwekeeni."

Kamba mama aliisokota mwenyewe, kwa makonge, juu ya paja kama walivyofanya wasichana wa zamani wakitengeneza kiondo. Aliitengeneza nene, ya kumvuta fahali. Nikamwambia, "Mwaitu, Koko ni mwembamba." Akasema mgeni hapewi kitu cha kukatika. Mume wangu akachimba posti, tukamwaga changarawe kwa mteremko, na kamba ikatoka geti mpaka mlango wa mabati, na mlango wa mabati mpaka choo.

Mimi ni fundi wa nguo. Najua kitambaa kinachovaliwa na kile kinacholala sandukuni. Kabla mvua haijarudi, kamba ya upande wa geti, ambapo Koko alikuwa anapita kila asubuhi, bado ilikuwa na manyoya yake yote. Ile ya upande wa choo ilikuwa imelainika na kung'aa kama mpini wa jembe. Nilisimama hapo nikaishika, nikaelewa, na sikumgombeza mtu. Jioni hiyo nilipeleka birika la chai kwa nyumba ya mabati bila kuulizwa. Mama akanywa kikombe, akaongeza kingine.

Kaka yangu alikuja Jumamosi moja mvua zikiwa zimeanza. Alikuja na pikapu ya rafiki yake, akasema ni ya kubebea mbao, lakini mbao sikuziona. Kumbe mtu wa kwetu alikuwa amekutana naye mjini akamsimulia habari ya kikundi, na kwamba hata kwa mama kumewekwa kamba. Aliingia uani akaiangalia kutoka posti mpaka posti.

"Hii ni ya nini?"

"Ni ya Koko," nikasema haraka. "Anayeleta maziwa." Na uso wangu ukamwambia mengine yote.

Akanipita. Mama alikuwa ameketi kwa mlango wake akichambua kunde. Kaka yangu akachuchumaa mbele yake, jambo ambalo sikuwa nimemwona akifanya tangu tukiwa watoto, akamshika magoti. "Mwaitu, usiniulize swali. Niambie. Umeanguka tena?"

Niliomba Mungu mama aulize lile swali lake. Kweli kabisa, niliomba mzee wa kanisa adanganye.

"Nimeanguka," mama akasema. Hakusema chini imempiga. Alichukua lile neno zito, la benchi la nyuma. "Nimeanguka kabla ya kamba, si mara moja. Koko ndiye alikuwa ananikuta asubuhi akileta maziwa. Ananiinua, ananiosha matope, ananipikia chai, anaenda. Nilimwomba asiseme, na hakusema. Halafu akaona nitakufa na hiyo siri, akaenda kuomba kamba akajifanya ni yeye."

Kaka yangu alikuwa analia, na kama nilivyosema, yeye akiogopa hutoa amri. "Basi funga vitu vyako. Twende."

"Ngoja," mama akasema. "Kwako mnaenda kazi saa ngapi?"

"Saa kumi na moja tunatoka."

"Na kurudi?"

"Barabara ya Magadi ikiwa imefungana, saa tatu usiku."

"Na mke wako?"

"Hivyo hivyo."

Mama akaendelea kuchambua kunde. "Basi nikianguka huko wakati mmeshatoka, nitalala kwa hiyo simiti yako mpaka saa tatu. Na mlango umefungwa na kufuli. Hapa nikianguka, maziwa yanakuja." Akainua uso. "Mimi siogopi kuanguka, mwanangu. Mtu wa umri wangu ataanguka. Naogopa kuanguka mahali ambapo hakuna mtu."

Kaka yangu aliinuka, akaenda kwa kamba, akaishika, akashuka nayo mpaka choo na kurudi, polepole, akitingisha kila posti. Moja ya katikati ikacheza kidogo. Akavua koti, akaniuliza jembe liko wapi, akaichimbia upya na kuishindilia mawe mpaka suruali yake ya ofisi ikawa rangi ya ploti.

Koko alimkuta hapo hapo. Kaka yangu hakujua desturi zao vizuri, lakini alikuwa ameona watoto wa Kimaasai wakisalimia wazee, kwa hivyo akainamisha kichwa, mtu mzima na upara wake, akainama zaidi ya inavyotakiwa. Koko akamwekea mkono kichwani. Alimwangalia matope, akamwangalia suruali. "Chini imekupiga?" akamuuliza.

"Imenipiga," kaka yangu akasema.

Pikapu ilirudi Rongai na jogoo mmoja, zawadi ya mama.

Mama aliishi kwa ile nyumba ya mabati miaka mingine mingi. Alianguka, ndiyo, si kwamba kamba ni muujiza. Lakini hakuvunjika tena, na hakulala chini zaidi ya muda wa mtu kuvuka uwanja. Alikufa kwa kitanda chake, usingizini, wakati uwanja ule ulikuwa umeshaanza kujengwa na boma la kina Koko limebaki kipande tu kati ya kuta za mawe. Tulimzika kwao Ukambani, kando ya baba.

Tuliporudi nilianza kusafisha. Wengine wakifiwa hukaa wakaliwazwa, mimi hushika ufagio. Kuku nikagawa, kitanda nikatoa nje, na siku moja asubuhi nikaenda na kisu kwa posti ya geti kukata kamba, maana kila nilipoiona ilikuwa inanikata mimi. Nilikuwa nimeanza na fundo la kwanza nilipoona kamba inatingishika mkononi mwangu.

Ilikuwa ni Koko. Alikuwa ameingia na kigaloni kidogo cha maziwa, ingawa sasa hakukuwa na mtu wa kumletea kwa mabati. Alikuwa ameishika kwa mikono yote miwili, galoni likining'inia kwa kidole, na alikuwa anakuja polepole, mguu mmoja ukiutafuta mwingine. Sikuwa nimegundua lini alianza kutembea hivyo. Miaka hiyo yote nilikuwa namwangalia mama.

"Usikate," akasema. Akafika kwangu, akapumua. "Ile siku nilidanganya. Hapa chini haikuwa inanipiga."

"Najua, Koko."

"Sasa inanipiga," akasema.

Nikaweka kisu mfukoni, nikalifunga lile fundo tena kwa nguvu, halafu nikamshika mkono mwingine tukaenda kuchemsha maziwa.